Mpira wa Chini

Romanus alimpiga Sifaeli kofi la kwanza kabla hata hajazima gari. Alishuka na kuacha mlango wazi, injini ikinguruma na mvuke ukichuruzika pembeni mwa boneti, akavuka uwanja wa gereji kwa hatua chache na kumzaba kofi lililorusha kofia yake hadi kwenye dimbwi la oili chafu. Wateja wawili waliokuwa wamekaa juu ya matairi mabovu wakisubiri pikipiki yao walisimama. Halafu wakakaa tena.

Evaresta alikuwa uvunguni mwa pikapu akifunga breki. Aliona miguu tu: viatu vya ngozi vilivyong'arishwa vikisonga mbele, na ndala za mume wake zikirudi nyuma. Akajivuta kwa mgongo hadi akatoka.

"Imechemsha," Romanus alikuwa akisema. "Mara ya tatu, Sifaeli. Unaniambia imepona, naiwasha, inachemsha."

"Bosi, naomba tuongee."

"Tumeshaongea mara mbili."

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, limelala chini kama linalonusa lami. Lilikuwa na miaka ishirini na tisa, na Arusha nzima hakukuwa na jingine kama hilo. Romanus alikuwa na malori tisa ya moramu na greda mbili, lakini hakuna hata moja alilolipangusa kwa mkono wake. Hili alilipangusa mwenyewe kila Jumapili baada ya misa, kwa kitambaa cheupe, na mtu akiliegemea alimwita mbwa.

"Nadhani ni gasketi ya hedi," Sifaeli alisema akiwa ameshika shavu. "Safari hii nataka nifungue injini yote."

"Unadhani! Ulidhani themostati, nikanunua themostati. Ukadhani pampu ya maji, nikaagiza pampu Dar. Mshale wa joto uko pale pale. Unapanda, unashuka, unapanda." Aliinua boneti. Mvuke ukamlamba uso, hakujali. "Njoo hapa. Wewe si fundi? Nisomee temperecha."

Alimshika Sifaeli kifundo cha mkono wa kulia, akamvuta, akaubandika mkono wake juu ya rejeta na kuukandamiza pale kwa uzito wake wote.

Sifaeli alipiga yowe. Evaresta alimrukia Romanus mgongoni, akamng'ang'ania shati. Romanus alimpiga kiwiko cha kifua bila kugeuka, Evaresta akaangukia jeki. Upande wa pili wa uzio, Gerson mchomeleaji alikuwa ameinua kofia yake ya chuma kuangalia kulikoni. Romanus alipomtupia jicho, Gerson aliishusha kofia usoni, na cheche zikaanza kuruka tena.

"Jumamosi," Romanus alisema alipomwachia. Hakuwa hata akihema. "Jumamosi binti yangu anaolewa, na anaingia kanisani kwa gari hii. Ikichemka njiani, mwanangu akashuka barabarani na shela lake watu wanacheka, nakuja hapa na greda. Hiki kibanda chenu nitakisawazisha kama shamba."

Alimpigia simu dereva wake aje kumchukua. Alisubiri getini akijipangusa mikono kwa leso.

* * *

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya gereji, vyumba viwili na jiko la nje. Angel, binti yao wa kidato cha pili, alimwagia baba yake maji baridi kiganjani ndoo baada ya ndoo, hadi Evaresta akamwambia inatosha, aende akaandae chai. Ngozi ya kiganja ilikuwa nyeupe na imevimba, imebaki na mistari ya mapezi ya rejeta.

"Twende polisi, Baba Angel."

"Nikaseme nini? Kwamba gari ya mtu imenishinda, mwenyewe akanipiga?"

"Ukaseme kwamba umechomwa."

"Mjini hapa mtu akisikia fundi amepigwa kwa sababu ya kazi mbovu, ataleta gari kwako?" Sifaeli alitazama ukutani. "Watu wawili walikuwa pale. Hata Gerson aliona. Imetosha."

Evaresta aliufunga mkono kwa kitambaa safi. Miaka kumi na minne walikuwa wamefanya kazi pamoja, yeye breki na miguu ya gari, mumewe injini. Wateja wapya walidhani ameleta chakula. Wale wa zamani walimwita Mama Spana na kumwachia funguo.

"Inachemka wakati gani?" aliuliza.

"Wakati wowote."

"Hapana. Ikiwa kwenye foleni, au ikiwa inakimbia?"

"Mama Angel, ni gasketi. Imeungua, gesi ya injini inaingia kwenye maji, mshale unayumba."

"Oili nimeitazama. Ni safi, haijawa kama maziwa. Na nimeiwasha rejeta ikiwa wazi, hakuna povu."

"Umeitazama saa ngapi?"

"Ulipokuwa unamwagiwa maji."

Sifaeli aliuvuta mkono wake. "Sawa," alisema. "Basi sasa wewe ndiye fundi."

Angel aliingia na chai, akawaangalia wote wawili, akaweka vikombe mezani na kutoka.

* * *

Alhamisi asubuhi walilitoa. Evaresta aliendesha kwa kuwa mkono wa Sifaeli haukuweza kushika usukani. Alikalia kitambaa ili asichafue kiti. Walishuka taratibu kuelekea Tengeru, wakapita, wakafika hadi Maji ya Chai, na njia nzima mshale ulisimama katikati kana kwamba umepigwa msumari.

"Unaona?" Sifaeli alisema. "Leo haitaki kuugua. Ndivyo inavyotufanyia."

"Tulikuwa tunashuka."

Akageuza. Sasa barabara ilipanda kurudi mjini, na Evaresta akaliweka gia ya tatu, akakanyaga mafuta hadi injini ikalia. Hawakumaliza kilomita mbili, mshale ukaanza kupanda. Aliuacha ukaribie rangi nyekundu, Sifaeli akishika dashibodi na kusema simama, simama utaiua. Akaachia mafuta. Mshale ukashuka. Akakanyaga tena, ukapanda. Akaachia, ukashuka.

"Feni ingekuwa mbovu, ingechemka kwenye foleni," alisema, kama anayeongea peke yake. "Themostati ikikwama, inaziba maji kote, haijui kilima wala tambarare. Hii inajua mguu wangu. Nikivuta maji kwa nguvu, maji hayaji."

Aligeuza tena, akateremka hadi Maji ya Chai, akaegesha kandokando, karibu na kina mama waliokuwa wamepanga ndizi na maparachichi wakisubiri mabasi. Alimhamishia mumewe kwenye usukani, akafungua boneti, akaingiza kichwa na tochi chini kabisa, upande ule ambao maji hutoka kwenye rejeta kurudi kwenye injini.

"Piga resi!"

Injini ililia. Na pale chini, mbele ya macho yake, mpira mweusi mnene kama mkono wa mtoto ulianza kubonyea katikati. Ulibonyea kama shavu la mtu anayefyonza muwa, hadi kuta zake mbili zikashikana na njia ikafungwa kabisa.

"Acha!"

Mpira ukajaa, ukarudi mviringo kama haukufanya lolote.

"Piga tena!"

Ukabonyea tena. Alirudia mara nne kwa sababu hakuamini kwamba kitu chenyewe ndicho hicho. Kisha akamwambia azime. Injini ilipopoa kidogo alivaa glavu na kuuminya ule mpira kuanzia juu hadi chini. Ulikuwa laini mwanzo mpaka mwisho. Mpira wa chini wa gari kama lile hukaa na springi ndani, waya uliojiviringisha wa kuuzuia usinywee pampu inapovuta. Huu haukuwa nao.

Sifaeli alikuwa ameshuka, amesimama pembeni yake.

"Huu mpira tuliufunga sisi," Evaresta alisema. "Mwezi wa pili, ule wa zamani ulipopasuka."

"Niliufunga mimi."

"Springi yake iko wapi?"

Basi lilisimama, kina mama wakalikimbilia na mabeseni kichwani. Sifaeli aliwatazama wale wanawake, akatazama kiganja chake kilichofungwa.

"Ilikuwa na kutu," alisema. "Mpira mpya haukuja na springi. Nikaona waya umekula kutu hivi, wa nini. Nikautupa."

Evaresta alicheka. Hakukusudia. Siku mbili alikuwa amebeba moyoni injini iliyofunguliwa vipande vipande, greda getini, Angel akihamishwa shule, na sasa yote yameishia kwenye kipande cha waya. Kicheko kilimtoka kama pumzi.

Sifaeli alimpiga kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Kofi lilitua mdomoni, mdomo ukapasukia kwenye jino.

"Unanicheka? Na wewe unanicheka?"

"Sikukucheka wewe."

"Nani, basi? Nani mwingine yuko hapa?"

"Jamani, baba," mmoja wa wauza ndizi alisema, "barabarani hivi?" Lakini abiria mmoja alikuwa ametoa mkono dirishani akitaka kichane kizima, na yule mama akageukia biashara yake.

Evaresta alitema damu kando. Alifunga boneti kwa mikono yote miwili, polepole, kama mwenyewe Romanus anavyolifunga. Katika miaka kumi na minne mumewe alikuwa amempiga mara moja tu, Angel akiwa mchanga, na mara ile alilia na kuapa. Leo hakulia. Alizunguka, akaketi kwenye kiti cha abiria, akamsubiri amwendeshe kurudi nyumbani.

Na akamwendesha, kwa mkono mmoja, gia ya pili tu, mguu mwepesi, ili mshale usipande.

* * *

Evaresta aliipata springi Ijumaa kwa muuza spea zilizotumika, ndani ya mpira wa gari lililogongwa. Aliisugua kutu kwa brashi ya waya, akaiingiza, akafunga klempu, akajaza maji na kutoa hewa yote. Akalirudisha kwenye mlima ule ule peke yake na kulikanyaga hadi likaunguruma kama siku lilipotoka kiwandani. Mshale haukusogea.

Aliporudi, Sifaeli alikuwa amekaa mlangoni.

"Tutamwambia tumefungua hedi," alisema. "Gasketi imebadilishwa, basi. Akijua ni mpira nilioufunga mimi, na themostati na pampu alinunua bure, ataniua, Mama Angel. Unamjua."

Mdomo wa Evaresta ulikuwa umevimba, hakutaka kuufungua. Sifaeli aliuchukua ukimya huo kama kukubali.

Jumamosi saa moja asubuhi Romanus alifika kwa suti ya kijivu, ua jeupe kifuani, na nyuma yake vijana wawili wa malori waliobeba riboni za kupambia. Aliwasha gari, akapiga resi ndefu, jicho kwenye geji. Aliliacha lingurume dakika kumi. Aliposhuka alikuwa karibu kutabasamu.

"Ilikuwa nini?"

"Gasketi ya hedi, bosi," Sifaeli alisema. "Nilivyokuambia. Tumefungua yote."

"Safi. Nionyeshe ile ya zamani."

"Tulishaitupa."

Romanus aliinua boneti. Alipitisha kidole juu ya boliti za hedi, akakiangalia, akakiinua mbele ya uso wa Sifaeli. Kilikuwa cheusi kwa vumbi na mafuta yaliyogandamana.

"Hizi boliti hazijaguswa tangu nilinunue gari hili. Unanidanganya siku ya harusi ya mwanangu?"

Sifaeli alirudi nyuma hatua moja. Evaresta aliona vile mkono wa Romanus ulivyoanza kutafuta kitu cha kushika, akajua uongo mwingine hautamwokoa mtu.

"Ni mpira wa chini, mzee," alisema. "Tuliufunga bila springi ndani. Ukipiga resi ulikuwa unanywea, maji hayapiti. Sasa una springi, gari haitachemka tena. Themostati yako na pampu yako ya kwanza zilikuwa nzima. Kosa ni letu."

"Tangu mwezi wa pili," Romanus alisema taratibu.

"Tangu mwezi wa pili."

Aliokota spana ya magurudumu. Sifaeli aliinua mkono wa kushoto kukinga kichwa, na spana ikatua juu ya mfupa. Wote waliokuwa pale walisikia ulivyokatika. Alianguka magotini, kisha ubavu. Romanus alimpiga teke la tumbo, akampiga la mbavu, kiatu kikatoka, akaendelea kwa soksi. Evaresta alikimbia kuingia katikati, vijana wakamdaka mikono.

"Tulia, mama," mmoja alisema, "atamaliza mwenyewe."

Alimng'ata yule aliyesema. Mkono ulipolegea alichomoka, lakini hakumwendea Romanus. Alikwenda kwenye meza ya kazi, akachukua nyundo kubwa ya kunyooshea vyuma, akasimama pembeni ya gari jekundu.

"Mguse tena," alisema.

Romanus aligeuka. Akamtazama, akacheka, akamgeukia Sifaeli na kumpiga teke jingine.

Nyundo iling'oa kioo cha pembeni na shina lake. Kiliruka, kikadunda uani, kikapasuka. Romanus alitoa sauti ambayo Sifaeli hakuwa ameitoa hata mkono ulipovunjika.

Evaresta aliinua nyundo juu ya kioo cha mbele. "Binti yako anavaa sasa hivi," alisema. "Nikishusha hapa, atakwenda kwa nini? Mguse tena nikuone."

Vijana hawakusogea. Mmoja alikuwa anafyonza kidole chake. Romanus alisimama katikati, mguu mmoja na kiatu na mwingine soksi, ua limening'inia kichwa chini, akihesabu kile anachoweza kukipoteza. Mwishowe alitupa spana.

"Utanilipa kioo," alisema. "Utanilipa wewe, mwanamke."

Alivaa kiatu chake, akaingia ndani ya gari, akaliondoa polepole kuepuka vigae vya kioo. Vijana wakamfuata kwa miguu na riboni zao.

Evaresta alipopiga magoti kando yake, Sifaeli alikuwa na vumbi mdomoni.

"Ungenyamaza," alisema. "Kwa nini hukunyamaza?"

* * *

Hospitali waliutazama mkono na kusema wazi kwamba kwa mtu aliyepigwa wanahitaji fomu ya polisi, hiyo ya PF3. Walimpa dawa ya maumivu, wakamfunga kipande cha ubao, wakasema kituo hakiko mbali. Kwa hiyo Sifaeli alikwenda polisi hata hivyo. Gerson ndiye aliyewabeba kwa gari lake la mizigo.

Kaunta alikuwepo afande wa kike, mtu mzima, kibao cha jina kimeandikwa Naisiae. Aliandika polepole na kwa mwandiko mzuri: spana, mkono wa kushoto, mateke, kiganja kilichochomwa Jumanne. Aliuliza kama kuna shahidi.

Evaresta akamgeukia Gerson.

"Mimi nilikuwa nachomelea, afande," Gerson alisema akitazama sakafu. "Ukivaa ile kofia huoni kitu." Akasema anakwenda kuangalia gari lake, akatoka.

Afande alikamilisha mstari, akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza akamtazama Evaresta vizuri.

"Na huo mdomo, mama? Naye alikupiga huyo huyo?"

"Ndiye huyo huyo," Sifaeli alijibu haraka.

Kalamu ilikuwa tayari inashuka. Evaresta aliitazama. Ingekuwa rahisi. Hakuna ambaye angemwonea huruma Romanus kwa kofi moja zaidi. Mumewe alikuwa ameketi pale amepauka, mkono mmoja ubaoni, mwingine kwenye kitambaa.

"Hapana, afande," alisema. "Huu ni wa Alhamisi, pale Maji ya Chai. Alinipiga huyu."

Afande aliweka kalamu chini. Alimtazama mwanamume yule aliyevunjwa, kwa muda mrefu, kama anayetafuta mahali pa kumshikia.

"Ni kweli, baba?"

Sifaeli alimtazama mkewe. Alitegemea, pengine, kwamba atasema amekosea. Evaresta hakuondoa macho.

"Alinicheka," Sifaeli alisema. Maneno yenyewe yalipotoka, hata yeye aliyasikia yalivyo. Aliinamisha kichwa. "Ni kweli."

Afande alivuta fomu nyingine droo ya chini. "Jina lako kamili?"

"Sifaeli Nathanaeli Nanyaro."

"Mama, unataka afunguliwe kesi, au tuandike taarifa ibaki hapa?"

"Andika kwanza ibaki. Lakini iandikwe yote." Evaresta alionyesha kwa kidevu ule mkono uliofungwa ubao. "Naomba nimpeleke hospitali wakamfunge mkono. Halafu nitamrudisha, aje aweke sahihi."

"Utamrudisha wewe mwenyewe?"

"Nitamrudisha."

Afande aliwapa PF3 zote mbili, moja ya kila mtu, akagonga muhuri. Nje, Gerson alikuwa amekaa kwenye usukani, akitazama mbele. Sifaeli alifika kwenye mlango wa gari, akasimama, kwa sababu hakuwa na mkono wa kuufungulia.

Evaresta aliufungua, akamshika kwapani, akampandisha. Kisha akapanda nyuma, kwenye mizigo, peke yake.